Fimbo Iliyofunga Barabara

Haya nimeyapata kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, Jumanne iliyopita, tulipokuwa tunachekecha unga uani kwake. Alianza kwa kununa, akaingia kwenye kucheka, na katikati ikabidi aweke chekeche chini maana unga ulikuwa unamwagika nje ya beseni. Kwa hiyo kama kuna mahali pamepungua, laumuni kicheko chake. Kuongeza sijaongeza.

Mkwe wangu ni mwoka mikate. Ana tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na kila asubuhi shule ya bweni ya mtaa wa pili inachukua kwake mikate mia moja na hamsini. Watoto wa bweni hawajui ugonjwa wala msiba. Ikifika saa moja wanataka mkate. Ndiyo maana kwa miaka kumi na tisa hajalala nje ya nyumba yake hata mara moja. Jioni anakanda, unga unaumuka, alfajiri anaamka kuwasha moto.

Mwanangu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, stesheni ndogo tu ya treni mbili kwa siku. Stesheni ilipofungwa, yeye hakufungwa. Alirudi nyumbani na saa yake, kofia yake, filimbi yake na tabia zake zote, mkewe akampa kazi ya kuangalia muda wa tanuri. Nitamsifu, na si kwa sababu nimemzaa: tangu ashike kazi ile hakuna mkate ulioungua. Lakini pia hakuna uliotoka dakika moja kabla, hata uwe umeiva mpaka unanukia kwa jirani. Mtaani wanamwita Filimbi, na mimi mwenyewe siku hizi najisahau namwita hivyo hivyo.

Wana binti mmoja. Alikuwa anasomea uuguzi katika mji mwingine, kilomita mia tatu na kumi kwa barabara kuu. Mwezi uliopita akapiga simu.

"Mama, tunaapishwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja anabandikwa beji kifuani na mama yake. Mlango wa ukumbi unafungwa saa nane kamili mchana, hawafungulii mtu. Ambaye mama yake hayupo, anabandikwa na Matroni."

"Nitakuja, mwanangu."

"Sawa, Mama."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyomkosesha mkwe wangu raha. Maana alishasema "nitakuja" mwaka wa kwanza, siku ya kuvishwa kofia, hamira ikagoma. Akasema tena mwaka wa pili, siku ya wazazi, ukuta wa tanuri ukapasuka. Mara zote mbili Matroni ndiye aliyesimama mahali pa mama. "Angelalamika ningejitetea," aliniambia. "Lakini anasema sawa, Mama. Utajitetea kwa nani?" Na hii ilikuwa mara ya mwisho. Muuguzi haapishwi mara mbili.

Basi ikaamuliwa: kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mikate itoke, watu waondoke, beji ibandikwe, warudi unga ukandwe. Gari lingekuwa la kaka yake mkwe wangu, ambaye ni fundi wa makochi. Gari lile ndani ni sebule ya tajiri, ukikaa unazama mpaka kiunoni. Ila nje limeachiwa Mungu, na injini inakohoa kama mzee wa tumbaku.

Jumapili wakakaa watatu kwenye meza ya kukandia, kupanga safari.

"Kuna cha kupanga hapo?" fundi makochi akauliza. "Tunaingia, nakanyaga mafuta, tunafika."

"Hivyo ndivyo watu wanavyokufa, shemeji," akajibu Filimbi.

Akatandaza karatasi. Alikuwa amegundisha mifuko minne ya unga, akaichora mistari kwa rula, wino mwekundu wa kwenda, wa bluu wa kurudi. Alikuwa ameshinda siku tatu kwenye maegesho ya malori anawahoji madereva habari za milima na mashimo. Barabara nzima ameigawa stesheni sita.

"Stesheni ya kwanza, kituo cha mafuta chenye choo. Kufika saa moja na dakika arobaini. Kuondoka saa moja na dakika hamsini."

"Dakika kumi za nini?"

"Za choo."

"Na asiyetaka choo?"

"Anawasubiri wanaotaka."

"Na mimi haja yangu ikija saa moja na robo?"

"Itafuata ratiba, shemeji, kama wenzake."

Fundi makochi akamgeukia dada yake. "Dada, ulipoolewa hawakukuambia?"

"Waliniambia ana kazi ya serikali," mkwe wangu akasema. "Nikasikia hapo tu, mengine sikusikia."

Lakini aliiangalia ile karatasi, akaona chini kabisa imeandikwa: *kufika ukumbini, saa saba kamili*. Saa nzima kabla mlango haujafungwa. Moyo ukamtulia. Akasema neno ambalo baadaye alilijutia: "Basi tusigombane. Kila mtu na idara yake. Kaka, wewe usukani. Mimi chakula na nguo. Baba watoto, wewe muda. Kwenye muda hakuna wa kukuingilia."

Alhamisi mikate ilitoka salama. Saa kumi na mbili na nusu Filimbi akasimama mbele ya gari amevaa kofia ya stesheni, akapuliza filimbi, majirani wawili wakafungua madirisha, mmoja akatukana. Wakaondoka.

Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna magari. Fundi makochi akalikanyaga, lile gari likasahau kikohozi chake. Wakafika stesheni ya kwanza saa moja na dakika ishirini na tano. Wakaenda chooni, wakarudi, wakafunga mikanda. Filimbi hakufunga. Alisimama nje anaangalia saa yake.

"Ingia basi, shemeji."

"Bado dakika ishirini."

"Za nini?"

"Treni haiondoki kabla ya muda wake. Ukiondoka kabla, unamwacha abiria."

"Abiria gani? Abiria ni sisi! Hebu hesabu: mimi, dada, wewe. Kuna mtu chini ya kiti?"

"Ni kanuni. Kuchelewa ni kosa, kuwahi ni kosa kubwa zaidi, maana anayewahi anajiona ana akili."

Fundi makochi akampigia dada yake kelele aingilie. Mkwe wangu alikuwa ameamka saa tisa ya usiku, macho yanamwasha, na neno lake mwenyewe limemfunga. "Idara yake," akasema, akafumba macho. Wakakaa dakika ishirini wakiangalia mtu anaosha lori.

Stesheni ya pili, kwenye mizani ya malori, wakawahi dakika ishirini na tano. Wakakaa tena. Askari wa mizani akawajia, akauliza wamebeba nini.

"Hatujabeba kitu, afande," fundi makochi akasema. "Tumebeba shemeji."

"Sasa mnasubiri nini?"

"Saa tatu na robo."

"Saa tatu na robo kuna nini?"

"Tunaondoka."

Askari akalizunguka gari mara mbili, akapapasa viti, akaenda zake anatikisa kichwa.

Mpaka hapo hakijaharibika kitu. Wako ndani ya ratiba, na ratiba ina saa nzima ya ziada. Mkwe wangu akajilaza kiti cha nyuma, akalala usingizi wa mwoka mikate, ule wa kufa na kufufuka.

Baada ya stesheni ya tatu, barabara ikawa inatengenezwa. Upande mmoja umechimbwa, umebaki upande mmoja kwa kilomita tatu hivi, magari yanapita kwa zamu. Kwenye ratiba hapakuandikwa, na Filimbi alilichukua kama tusi. Walikaa foleni dakika arobaini. Zamu yao ilipofika wakajikuta wao ndio wa mwisho kuruhusiwa. Mshika bendera, kijana wa kikoti cha rangi ya chungwa, akaja dirishani na fimbo yenye kitambaa chekundu.

"Mzee, nyie ndio wa mwisho. Shika hii. Mkifika kule mwisho, mpe mwenzangu. Bila hii haruhusu gari kuja huku. Simu hapa hazishiki, na wiki iliyopita malori mawili yalikutana uso kwa uso."

Nisikilizeni hapa, maana ndipo penyewe. Kwenye reli ya zamani njia ilikuwa moja tu. Ili treni mbili zisikutane, palikuwa na kipande cha chuma, kimoja tu kwa njia nzima. Dereva haingii njiani mpaka akishike mkononi. Akifika stesheni inayofuata anamkabidhi mkuu wa stesheni, naye anampa dereva wa upande mwingine. Mwanangu alikikabidhi kipande hicho kwa miaka ishirini na minne. Sasa leo, barabarani, miaka sita baada ya stesheni yake kufungwa, mtu anampa fimbo kwa kanuni ile ile.

Mkwe wangu anasema aliamka kidogo, akamwona mumewe amevua kofia, ameikumbatia ile fimbo kifuani, macho yamemlowa. Akajua yuko salama, akalala tena.

Wakapita zile kilomita tatu polepole, fundi makochi anakwepa mashimo na kulaani wakandarasi. Wakafika mwisho. Pale palikuwa na mtu mmoja wa fulana iliyotoboka na kandambili, bendera kaiegesha kwenye pipa, anatafuna yai la kuchemsha alilonunua kwa mama aliyekuwa anauza hapo na sinia lake. Yule mtu akanyoosha mkono. Filimbi akamwangalia, akampigia saluti. Gari likapita.

Yule mtu akapiga kelele. Akakimbia. Akavua kandambili moja akairusha, ikagonga buti la gari.

"Kuna mtu katurushia kiatu," fundi makochi akasema.

"Watu wa barabarani hawana nidhamu," akasema Filimbi, fimbo kifuani.

Wakaenda kilomita ishirini na mbili mpaka stesheni ya nne, mji mdogo wenye kituo kimoja cha mafuta. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Filimbi akavaa kofia, akashuka, akanyoosha shati, akamwendea mjaza mafuta, kijana wa watu aliyekuwa na sare safi na kofia ya kampuni. Akasimama mbele yake kikakamavu.

"Njia ni nyeupe," akamwambia, akamkabidhi fimbo.

Kijana akaipokea kwa heshima, maana aliyempa ni mtu mzima. "Asante, baba. Sasa niifanyie nini?"

"Umpe dereva wa upande wa pili."

"Dereva gani?"

"Yeyote anayekwenda kule."

"Baba, hapa wanakwenda kila upande."

Fundi makochi alikuwa anafungua mfuniko wa tangi. Akageuka, akaiona fimbo, akauachia mfuniko ukaviringika mpaka barabarani.

"Shemeji! Hiyo fimbo unayo mpaka sasa?"

"Ndiyo naikabidhi."

"Ulitakiwa kumpa yule wa mayai!"

"Yule alikuwa na fulana. Kipande cha njia anakabidhiwa mkuu wa stesheni, mwenye sare. Nitajuaje fulana ni ya nani?"

"Kandambili ilikuwa inakuambia! Mungu wangu. Barabara nzima imefungwa. Huku wanasubiri fimbo, kule wanasubiri fimbo, na fimbo iko hapa inajaziwa mafuta!"

Kelele zile ndizo zilizomwamsha mkwe wangu. Ikabidi aelezwe mara mbili. Mara ya kwanza alidhani anaota.

Filimbi hakuwa na rangi tena. Alikuwa amegeuka majivu, anaiangalia fimbo kama mtu aliyekuta nyoka mfukoni. Fundi makochi akaanza hesabu za vidole. "Sikilizeni. Kutoka hapa tumebakisha saa moja na nusu. Tukienda sasa hivi, tunaingia saa nane kasoro dakika ishirini. Tunabandika. Tukirudi kule, kwenda na kuja ni dakika hamsini, na hapo sijaweka matusi. Mlango tutaukuta umefungwa. Na kama tusingekaa kule kuangalia lori linaogeshwa na kule kwenye mizani, muda ungetosha wote! Mimi nasema hiyo fimbo tuitupe mtaroni, watatafuta nyingine. Miti imekwisha?"

"Hapana," Filimbi akasema kwa sauti ndogo. "Usiseme hivyo, shemeji. Mwenye kipande ndiye mwenye njia. Nikikitupa, kuna mtu atachoka kusubiri, ataingia njiani kwa kubahatisha. Na wa upande wa pili naye atachoka." Akamgeukia mkewe. "Nyie nendeni. Mimi nitatafuta pikipiki inirudishe."

"Pikipiki!" fundi makochi akasema. "Iko wapi? Nionyeshe hata baiskeli."

Hapakuwa na pikipiki. Palikuwa na mbuzi wawili na lori bovu. Wote wawili wakamwangalia mkwe wangu.

Akaniambia: "Mama, nilitamani kumpiga na hiyo fimbo." Alikaa kwenye kile kiti laini, amepakata mfuko wa gauni lake, akamwona mwanawe amesimama kwenye mstari na Matroni anamjia na pini. Kisha akawafikiria watu wa foleni. Akajiambia, katika magari yote yale, haiwezekani nikawa mama peke yangu.

"Kaka, geuza gari."

"Dada..."

"Geuza kabla sijabadili nia. Na wewe," akamwambia mumewe, "usiniongeleshe. Leo muda nakunyang'anya."

Walipoikaribia ile foleni walisikia honi kabla hawajaona gari. Malori, mabasi, gari la maziwa, watu wamekaa kwenye nyasi, mtoto anakojoleshwa. Mtu wa kwanza kuwatambua alikuwa yule mwenye kandambili moja.

"Ndio hawa! Ndio hawa wezi wa fimbo!"

Siwezi kuandika waliyoambiwa. Mkwe wangu alinitajia machache, mengine akasema atanitajia siku nyingine nikiwa nimekaa. Filimbi akashuka katikati ya matusi yote, akavua kofia, akamwendea yule mtu, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu. Sahihi yako hapa tafadhali."

"Sahihi ya nini?"

"Kwamba umepokea."

Na yule mtu, sijui kwa kuchoka au kwa kushangaa, akatia sahihi kwenye ratiba, juu kabisa ya neno *kurudi*. Mama wa mayai peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Sinia lake lilikuwa tupu. "Baba, siku nyingine ukipita chukua tena," akasema. "Mpaka yaliyopasuka nimeuza."

Wakageuza tena. Sasa ilikuwa saa saba kasoro. Fundi makochi aliendesha bila kuuliza mtu, stesheni ya nne wakaipita, ya tano wakaipita, na Filimbi amekaa juu ya ratiba yake, ameikalia kabisa. Walipokaribia mji, magari matatu meusi yakawapita kwa king'ora, vumbi likaingia mpaka kwenye viti vya ngozi.

"Hao nao wamechelewa," fundi makochi akasema.

Mkwe wangu alivaa gauni lake ndani ya gari linalokimbia, akalivaa nyuma mbele, akalivua, akalivaa tena. Wakafika chuoni saa nane na dakika thelathini na tano. Mlango wa ukumbi umefungwa. Mlinzi kasimama na funguo kiunoni.

"Saa nane kamili, mama. Ndiyo amri."

"Baba yangu, mwanangu yuko humo. Nimetoka kilomita mia tatu na kumi."

"Nakuhurumia, mama. Lakini nikikufungulia wewe, na yule, na yule?" Kweli walikuwepo wazazi wengine wawili wamekaa kwenye ngazi wameshika tama.

"Wameanza?" Filimbi akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kule kwenye fimbo.

"Bado kidogo. Mgeni rasmi ndiyo kwanza kaingia dakika tano zilizopita. Alikwama njiani."

"Alikwama wapi?"

"Kwenye matengenezo ya barabara. Wanasema kuna mwendawazimu kaondoka na fimbo."

Fundi makochi akaanza kukohoa kuliko injini yake. Mkwe wangu akamkanyaga mumewe mguu kumzuia. Wapi. Filimbi akavaa kofia, akaiweka sawa, akasimama mbele ya mlinzi.

"Fungua mlango. Mimi ndiye mhusika wa kuchelewa kwa mgeni rasmi. Natakiwa kutoa taarifa."

"Taarifa gani?"

"Ya tukio. Kosa lolote la njia linatolewa taarifa siku hiyo hiyo, kwa mkubwa aliyekuwepo. Ushahidi ninao, umetiwa sahihi."

Akaichomoa ile karatasi ya mifuko minne akaikunjua yote pale mlangoni, mistari myekundu, mistari ya bluu. Mlinzi akaisoma kutoka juu, akapotea kwenye stesheni ya pili. Akaangalia kofia. Mlinzi naye ni mtu wa sare. Kuna mambo wanaelewana. "Na hawa?"

"Hao ni mashahidi wangu."

"Na wale wa kwenye ngazi?"

Filimbi akawaangalia. Mwanangu hajawahi kusema uongo, na hapo sijui kama alisema. "Kama walikuja kwa barabara," akajibu, "nao ni mashahidi."

Mlango ukafunguliwa.

Ndani mgeni rasmi alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti anawaomba radhi watu. Alisema amekaa juani zaidi ya saa nzima kwa sababu ya raia mmoja asiyejulikana, na kwamba angependa siku moja amwone uso. Ukumbi ukacheka. Filimbi akasimama. Mkewe akamvuta shati, kifungo kikaruka kikampiga mama wa mbele kisogoni. Akakaa. Akasimama tena. Fundi makochi akamkumbatia kiunoni, akamkalisha kama anavyokalisha godoro kwenye fremu.

Kisha wakaanza kuitwa. Msichana anatoka, mama yake anatoka, beji, makofi. Mjukuu wangu alipoitwa alikwenda mbele haangalii nyuma, alishazoea. Alisimama anamtazama Matroni, na Matroni akachukua beji mezani.

"Nipe!" mkwe wangu akapiga kelele kutoka viti vya nyuma. "Nipe, mama yake nimefika!"

Alikimbia katikati ya viti, gauni limefungwa kifungo kimoja kati ya vitano. Matroni akampa beji. Unga wa alfajiri ulikuwa bado kwenye kucha zake, na pini ikaenda ilikotaka yenyewe.

"Mama, umenichoma."

"Nyamaza. Nimetoka mbali."

Na mtoto akanyamaza, akaweka kichwa begani kwa mama yake mbele ya watu wote, mstari mzima wa wauguzi ukasimama unawasubiri. Nasikia Matroni alitazama saa mara tatu. Acha atazame.

Wakati wa chai Filimbi alimtafuta mgeni rasmi, akatoa taarifa yake. Alisema yote: stesheni, fulana, yai, saluti, mjaza mafuta. Yule mkubwa alisikiliza na kikombe mkononi.

"Ukarudi?"

"Nilirudi, mheshimiwa. Kilomita ishirini na mbili, na nyingine ishirini na mbili."

"Unajua dereva wangu alikuwa ameshawasha gari tugeuze? Alisema mtu aliyechukua fimbo namna ile hawezi kurudi. Dakika tano zaidi, hawa wasichana wasingeapa leo." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akampa mtu kikombe amshikie. Aliomba ile ratiba, akakaa chini akaisoma yote. Kwenye dakika kumi za choo akamwita msaidizi wake aje aone.

Walimchukua binti, amepewa likizo ya wiki, wakaondoka saa kumi na robo. Hakuna aliyeuliza stesheni. Njiani fundi makochi alisimama kila alipotaka, mara mbili kwa haja, mara moja kwa kununua machungwa, na mara moja bila sababu, ili shemeji yake aone inavyokuwa. Filimbi alivumilia yote. Mkwe wangu alimsamehe kati ya chungwa la kwanza na la pili. Anasema hakumwambia mpaka kesho yake, amwache apate adabu kidogo.

Saa tatu na robo wakawa nyumbani. Ya mwisho haya amenieleza mjukuu mwenyewe, maana hao wengine hawakuwa wanajua kitu. Mjomba wake alizima injini, akasema anapumzisha mgongo dakika moja, akalala palepale nyuma ya usukani, mdomo wazi. Baba yake alikwenda kuweka saa ya kengele, akalala ameishika. Mama yake alifunga kanga, akamimina unga kwenye beseni kubwa, akakaa kwenye kigoda kusubiri hamira itoe povu, akasinzia kichwa kikagonga ukuta.

"Mama, nenda ukalale."

"Mikate ya watoto."

"Nitakanda mimi. Nimezaliwa humu."

"Chumvi vijiko..."

"Najua, Mama."

Akambeba mpaka kitandani nusu akitembea nusu akiburuzwa. Akatundika sare yake mbali na unga, akakunja mikono, akakanda wote. Akaufunika kwa kitambaa safi, akasukuma beseni karibu na tanuri pale penye joto. Akakaa kidogo kwenye kigoda aone kama unaanza kupanda. Hapakuwa na kigodoro, akavuta mifuko miwili mitupu, akaitandika sakafuni, akalala.